Tarumbeta Ililia Jumamosi

Queen alikuwa mzito wa kuamka. Kambi nzima ililijua hilo, maana nyumba za kambi ya mkonge zimepangwa ukuta kwa ukuta, na mtu akipiga chafya huku, jirani wa tatu humwambia pole. Mama yake, Ruthi, angemwita mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa ukali, mara ya tatu kwa kumvuta mguu, na mtoto bado amelala kama gogo. Ndipo baba yake, Zabron, alipokuwa akiteremsha tarumbeta kutoka juu ya kabati, akasimama mlangoni na kupiga noti moja ndefu. Hapo Queen aliinuka akicheka, mbwa wa kambi wote wakabweka, na Bi Mwatumu wa nyumba ya pili akapaza sauti, "Ahsante, Baba Queen! Na sisi wengine tumeshaamka!"

Anayetaka kumjua Zabron aanzie hapo mlangoni. Watu wa hapa Pongwe wakimtaja siku hizi huanza na mkono, wakamaliza na mkono, kana kwamba mtu alizaliwa siku aliyoumia. Alizaliwa kabla ya hapo. Babu yake alishuka kutoka milima ya Lushoto akiwa kijana, akaja kukata mkonge kwa mkataba, enzi ambazo watu wa namna yake waliitwa manamba. Alikuja na blanketi moja na imani yake ya Kilutheri. Blanketi liliisha zamani. Imani ilirithiwa na mwanawe, kisha na mjukuu, pamoja na chumba cha kambini na kazi ya kusimama mbele ya korona, mashine kubwa ile inayoponda majani ya mkonge na kubakiza singa, zile nyuzi zake.

Kanisa la kambini ni dogo, la bati na mabenchi yasiyolingana. Mchungaji hufika akipata nafasi. Siku nyingine ibada huongozwa na Mwinjilisti Wilfred, mtu mwema, mwenye haraka, anayeogopa kukosea utaratibu kuliko anavyoogopa nyoka. Zamani kanisa hilo lilikuwa na kikundi kizima cha tarumbeta. Kadiri shamba lilivyopungua kazi, wapigaji nao walipungua. Wengine walihamia Tanga mjini, wengine Muheza, na waliobaki wamelala makaburini ng'ambo ya reli. Ikabaki tarumbeta moja, iliyolehemiwa na fundi baiskeli mahali pawili, na mpigaji mmoja, naye ni Zabron.

Tarumbeta hiyo ilikuwa na kazi mbili ambazo watu wa kambi hawakukubali zipunguzwe hata chembe. Ya kwanza, kila aliyebatizwa akizikwa, ipigwe kabla udongo haujarudishwa. Ya pili ilikuwa ya Pasaka. Jumamosi Kuu watu hufyeka makaburi na kupaka misalaba chokaa. Jumapili, kabla hakujapambazuka, mpigaji hutangulia peke yake makaburini na kuanza kupiga. Watu huamkia sauti hiyo, wakaifuata gizani na mishumaa mkononi, wakaimba pale pale juu ya wafu wao mpaka jua litoke. Wenyewe huita jambo hilo "kuwaamsha". Mchungaji aliwahi kuwaeleza kwamba ile ni ishara tu, kwamba siku yenyewe bado inakuja. Walimsikiliza vizuri, wakaitikia, na mwaka uliofuata wakasema vile vile, tunakwenda kuwaamsha.

Basi ilikuwa Kwaresma, asubuhi kama nyingine. Majani yalikwama kwenye mdomo wa korona, kama yanavyokwama kila siku, na Zabron akapeleka mkono kuyasukuma, kama alivyozoea kila siku. Siku hiyo mashine haikungoja. Mkono wa kulia ulikatika kwenye kifundo, na wenzake walimfunga kwa shati na singa mpaka gari likafika.

Angeuguza mkono tu, ingekuwa afadhali. Lakini Queen naye alikuwa na selimundu tangu kuzaliwa, ugonjwa wa damu unaokuja na maumivu ya mifupa kisha ukaondoka kama mgeni asiyeaga. Safari hiyo haukuondoka. Baba akawa wodi ya wanaume, mtoto wodi ya watoto, hospitali ile ile, na Ruthi akawa wa kwenda na kurudi kati yao na chupa ya uji. Siku moja alirudi kwa mumewe na chupa bado imejaa, akaiweka chini ya kitanda polepole. Zabron aliitazama chupa ile, akajua kwamba mwanawe hakuihitaji tena.

Walimruhusu aende kuzika. Alisimama ukingoni mwa kaburi la mwanawe na bandeji mpaka kwenye kiwiko, na tarumbeta iko nyumbani juu ya kabati, kwa kuwa mpigaji mwingine hakuwapo. Mwinjilisti Wilfred alifika pale ambapo kwa kawaida hugeuka na kusema, "Tarumbeta." Aligeuka, akakumbuka, akaendelea na sala iliyofuata. Udongo ukarudishwa. Ruthi hakulia kwa sauti. Alisema tu, kwa namna ambayo wote waliokuwa karibu walisikia, "Mwanangu amezikwa kimya, kama asiye na kwao."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Waliokuja kumfariji walimletea maneno ya Ayubu, kila mmoja kwa zamu, maana yale huwa mepesi kuyasema ukiwa huna kaburi. Ruthi aliwasikiliza, akawapa chai, kisha akawaambia, "Asanteni sana. Viatu vyenu viko hapo mlangoni." Tangu siku hiyo hakukanyaga kanisani. Hakukanyaga makaburini pia. Alikwenda kazini kwake, kwenye banda la brashi ambako singa husuguliwa zikang'aa, akarudi, akapika, akalala. Zabron alipomwambia waende wakapalilie kaburi, alimjibu bila ugomvi.

"Siku itakapolia juu yake, hiyo tarumbeta, nitakwenda. Kabla ya hapo usiniite, Baba Queen. Usiniite hata kidogo."

Na Zabron hakumwita. Yeye aliendelea kwenda ibada, akikaa benchi la nyuma, upande wa ukuta ili kigutu cha mkono kisionekane. Watu walidhani ana imani kubwa. Hawakujua. Alikuwa na maswali kama ya mkewe, ila yeye aliona ni vyema kuyapeleka yanakohusika kuliko kukaa nayo jikoni. Sala yake ya siku zile ilikuwa fupi, na kusema kweli haikuwa na adabu sana. "Bwana, mikono ni miwili, ukachukua ule ule. Haya. Sasa nifundishe huu."

Shamba lilimpa kazi ya ulinzi kwenye anikio, uwanda mpana ulio mwisho wa shamba, ambako singa huning'inizwa kwenye waya zikauke. Hakuna nyumba huko. Kuna waya, jua, na mbuzi wa watu wanaojifanya wamepotea. Zabron alianza kwenda na tarumbeta ndani ya gunia. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, watu husema, na husema kwa wepesi kwa kuwa koleo si lao. Vidole vya kushoto havikujua kitu. Akivipeleka mbele vilirudi nyuma. Na baya zaidi ni kwamba tarumbeta haikuwa na wa kuishika. Akiiegemeza juu ya kigutu iliteleza, midomo ikapoteza mahali pake, sauti ikakatika.

Mtu pekee aliyeijua siri hiyo ni Bi Mwatumu. Alikuwa mwenyeji wa Mkwaja, huko pwani, aliyemfuata mumewe Uweso, dereva wa trekta la shamba, na kokote alipokaa mikono yake ilikuwa ikisuka ukili. Siku moja alikatiza anikioni kufuata mbuzi wake, akasikia. Alisimama kati ya waya mpaka Zabron alipomwona.

"Yarabi," akasema. "Mie n'kafikiri mbuzi wangu kakabwa na kamba."

Zabron aliona haya, akaanza kuirudisha guniani.

"Ngoja, ngoja. Waficha nini, na mie n'shasikia? Hebu lete mkono." Akakitazama kigutu bila kukunja uso, akakipima kwa shubiri kama anayepima mkeka. Akachomoa singa chache kwenye waya. "Hizi mlinzi hakuniona n'kichukua."

"Mlinzi ni mimi, Bi Mwatumu."

"Basi geuka huko."

Baada ya siku chache alimletea mkanda wa singa, umesukwa mwembamba kama ukili wa mkeka wa harusi, wenye kitanzi cha kuingia kigutu na kitanzi cha kuishika tarumbeta. Ukivaliwa ulikazwa kwa meno. Zabron aliuvaa, akainua, na tarumbeta ikatulia. Alianza kushukuru, na Bi Mwatumu akajifanya anamfukuza mbuzi.

"Mama Queen asijue," Zabron alimwambia. "Mpaka niweze."

"Ntamwambia nini mie? Kwamba mumewe awatia wazimu mbuzi wa watu?"

Lakini mkanda haukufundisha vidole. Pasaka ya kwanza baada ya msiba ilikuwa imepita zamani, bandeji bado mbichi. Pasaka ya pili Wilfred alikwenda makaburini na ngoma ndogo ya watoto wa shule ya Jumapili, akaipiga kwa uangalifu, na watu wakaenda kwa heshima yake. Zabron alikwenda pia. Ruthi aliisikia ngoma, akavuta shuka kichwani. Usiku wa siku hiyo Zabron alikaa kizingitini na kufikiri kuipeleka tarumbeta kwa mchungaji, itafutiwe mtu mwenye mikono miwili. Aliinuka hata kuichukua. Ilikuwa juu ya kabati, na vumbi limeizunguka pande zote, lakini yenyewe inang'aa. Pembeni yake palikuwa na kitambaa kisafi, kimekunjwa, ambacho hakuwahi kukitilia maanani. Ruthi ndiye aliyekuwa akiifuta shaba hiyo. Hakuwahi kusema. Zabron alikirudisha kitambaa kama alivyokikuta, na kesho yake akaenda anikioni na gunia lake.

Mwaka ukazunguka. Mvua zikaja, mkonge ukakatwa, mbuzi wakazoea. Kuna siku vidole vilikubali na midomo ikakataa, na siku nyingine kinyume chake. Kwaresma ya safari hii ilipokuwa inakwisha, wimbo wa Pasaka ule wa wazee ulikuwa unatoka mwanzo hadi mwisho, si kila mara, lakini unatoka. Wilfred, ambaye hakujua kitu, alikuwa tayari ameshaikaza ngozi ya ngoma yake.

Zabron aliogopa. Kupiga mbele ya mbuzi ni jambo moja. Kupiga juu ya kaburi la Queen, mbele ya kambi nzima, na sauti ikakatika katikati, lingekuwa kumzika mtoto kimya mara ya pili, na safari hii yeye mwenyewe ndiye angekuwa wa kulaumiwa. Ruthi asingemlaumu kwa mdomo. Asingekwenda tu, tena na tena, mpaka wazeeke. Kwa hiyo akaamua kujaribu kwanza peke yake. Jumamosi Kuu, kabla hakujakucha, angekwenda makaburini, apige kwa sauti ya chini, ajue kama midomo yake inaweza kusimama mahali pale. Makaburi yako mbali kidogo na nyumba, alijiambia, na watu wamelala. Mtu wa kambi, aliyezaliwa kambini, aliyewaamsha watu wale kutoka makaburi yale tangu ujana wake, akajiambia hawatasikia.

Alifika gizani, akapapasa mpaka akaupata msalaba mdogo. Magugu yalikuwa marefu. Alikuwa akiyang'oa mara kwa mara, lakini kwa mkono mmoja magugu hukushinda. Akaukaza mkanda kwa meno, akafumba macho, hakuomba neno lolote, akapuliza.

Noti ya kwanza ilitoka kama mlio wa mbuzi. Ya pili ilipasuka. Akashusha tarumbeta, akapumua, akainua tena, na safari hii sauti ikatoka kamili, ikapanda, na mara ilipopanda alisahau kwamba alitaka kupiga kwa chini. Wimbo ukaenda, ubeti wa kwanza, wa pili, vidole vya kushoto vikitembea kama vilivyozaliwa na kazi hiyo. Machozi yalimtoka, na hayakuingilia.

Yaliyotokea kambini Bi Mwatumu aliyasimulia baadaye, na husimulia mpaka leo. Alikuwa ndiyo kwanza anakunja msala baada ya swala ya alfajiri. Akasikia. Milango ikaanza kufunguka. Usingizi haujui tarehe. Watu hawa wameamshwa na sauti hiyo kila Pasaka tangu utoto, kisha wakaikosa, na miguu yao iliisikia kabla ya vichwa. Mmoja akawasha mshumaa, wa pili akachukua kwake, wanawake wakajifunga kanga za pili wakitembea, wazee wakaulizana fimbo ziko wapi. Hakuna aliyekumbuka kwamba jana ndiyo ilikuwa Ijumaa Kuu. Bi Mwatumu yeye kalenda ya Wakristo haikumhusu. Alikwenda moja kwa moja akagonga mlango wa Ruthi.

"Mama Queen. Mwenzangu. Mumeo apiga. Inuka."

Zabron alimaliza ubeti wa mwisho, akafumbua macho, akaona mishumaa. Ilikuwa inavuka reli, mingi, na mbele yake anatembea Bibi Benedikta, mjane mzee, Mkatoliki wa kuzaliwa, ambaye hakosi ile ibada ya Walutheri ya kuwaamsha kwa sababu mumewe amelala hapo hapo na, kama asemavyo, marehemu hakuwa mchaguzi. Alikuwa amenyoosha fimbo juu.

"Kristo amefufuka!" akaita.

Kabla watu hawajaitikia, Mwinjilisti Wilfred alitokea mbio nyuma yao, shati amelivaa nje ndani.

"Jamani! Jamani, simameni! Leo Jumamosi! Jumamosi Kuu! Bwana bado yumo kaburini!"

Msafara ukasimama. Watu wakatazamana kwenye mwanga wa mishumaa, mmoja akacheka, mwingine akajishika kichwa, na mzee mmoja akauliza kwa hasira ni nani basi aliyewaondolea siku moja. Zabron alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nisameheni," akasema. "Shikamoo, Bibi Benedikta. Nisameheni nyote. Nilikuwa najaribu tu. Sikudhani mtasikia."

"Tarumbeta, mwanangu? Tusisikie?" Bibi Benedikta alisema, bado anahema. "Marahaba."

Wilfred alikuwa anajifuta jasho. Hakuwa na ubaya. "Zabron, ndugu yangu, umepiga vizuri, Mungu ashukuriwe. Lakini utaratibu ni utaratibu. Leo ni siku ya kufyeka na kunyamaza. Kesho utapiga, tena mimi nitaiacha ile ngoma. Sasa turudi, jamani, tupumzike."

Hakuna aliyegeuka. Bibi Benedikta aliichomeka fimbo yake kwenye udongo.

"Wilfred," akasema. "Unasema Bwana yumo kaburini. Ni kweli. Sisi ndiko tunakokaa. Tangu mashine imle huyu mkono, tangu tumzike mtoto wake bila sauti, tangu wenzetu wahame mmoja mmoja, hapa kambini ni Jumamosi. Tunalala Jumamosi, tunaamka Jumamosi. Leo mtu amepata nguvu ya kupiga siku hiyo hiyo, kabla hata hajaona lolote, na wewe unatwambia turudi tukalale?"

Wilfred alifungua kinywa. Alikuwa na jibu, kwa maana yeye ana jibu la kila kitu, lakini watu walikuwa wanajisogeza pembeni, na kati yao alikuwa anapita mwanamke bila mshumaa. Nyuma yake, mbali kidogo, Bi Mwatumu alisimama kando ya reli akiwa amejitanda ushungi.

"Mama Queen," Wilfred alisema kwa upole, "leo ni Jumamosi."

"Najua," Ruthi alijibu. "Mimi sikupotea siku. Jana yote nimekaa ndani na Ijumaa yenu. Nimekuja kwa sababu imelia."

Alifika kaburini akasimama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuona msalaba ule tangu ulipopigiliwa. Alisoma jina, japo halikusomeka vizuri gizani. Kisha akapiga magoti akaanza kung'oa magugu, kwa mikono miwili, haraka, kama mama anayemfuta mtoto uso kabla ya wageni kuona. Akalia, safari hii kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Zabron naye akapiga magoti upande wa pili, akang'oa kwa mkono wake mmoja. Watu walishika mishumaa yao wakangoja. Bibi Benedikta alikuwa akitikisa midomo bila kutoa neno.

Udongo ulipobaki mtupu Ruthi aliketi juu ya visigino vyake. Akamtazama mumewe, akautazama mkanda wa singa uliofungwa kwenye kigutu, akaugusa kwa kidole akaufuata msuko wake hadi mwisho. Akageuza kichwa kumtafuta Bi Mwatumu kule relini. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Piga tena, Baba Queen," akasema. "Unamjua mwanao alivyo mzito wa kuamka."

Wilfred aliinamisha kichwa. Zabron akasimama, akaukaza mkanda kwa meno, akaacha wimbo wote wa wazee akapiga noti moja tu, ndefu, ile ya mlangoni. Na kule kambini mbwa wote wakabweka.